Sauti ya Pili

Barabara itokayo Uyole kuelekea mpaka wa Kasumulu hushuka kupitia Kiwira, ikapita Kyimo kabla ya kuingia Tukuyu mjini. Ni nchi ya migomba, chai na mvua nyingi, na lugha ya nyumbani huko ni Kinyakyusa. Kihindi hakikupata nafasi katika vilima hivyo vya Rungwe ila ndani ya maduka ya wafanyabiashara wachache wa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Hata hivyo wimbo wa picha ya Kihindi haukuhitaji mkalimani ili upande milima. Kilichoanza na redio za masafa mafupi kikaendelezwa na kaseti, na tangu miaka ya 1990 kikapokewa na vibanda vya video vilivyozuka kando ya barabara kuu nchi nzima, ambamo baadaye ma-DJ walitafsiri maneno ya waigizaji kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe. Msikilizaji wa bara, sawa na mwenziwe wa Unguja au Kilwa, aliupenda wimbo ambao maneno yake hakuyajua, ukiimbwa na mwanamke ambaye hakumwona. Maana yule aliyemwona akifungua kinywa siye aliyekuwa akiimba.

Mmoja wa waimbaji hao wasioonekana alitoka Tanganyika. Jina lake ni Kamal Barot. Nduguye, Chandra Barot, alikuwa mfanyakazi wa benki ya Barclays mjini Dar es Salaam kabla ya kuiacha kazi hiyo na kuingia katika sinema za Bombay, alikokuwa dadake, na hatimaye akaongoza Don, picha ya mwaka 1978 ambayo jina lake linajulikana hata kwa watu wasioijua nyingine ya Kihindi. Mmoja ana sauti, wa pili ana jina. Historia imemtunza mwenye jina, ingawa mlango uliofunguka ulifunguliwa na mwenye sauti. Jambo hilo lastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna masuala mawili yanayotuhusu watu wa mwambao huu na wa bara yake: ni nani awezaye kuacha kiti cha ofisi akafuate wimbo, na ni nani amwitaye mwimbaji kuwa ni wake?

Kwanza ieleweke kazi yenyewe. Picha ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwezi wa Machi 1931, na ilikuwa na nyimbo saba. Siku hizo mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera, kipaza sauti kikiwa kimefichwa karibu naye na wapiga ala wamejibanza mahali kamera isipofika. Aliyejua kuimba ndiye aliyepata kazi, hata kama sura haikuwa ya kupendeza sana. Mwaka 1935 kampuni ya New Theatres ya Calcutta ilitoa picha iitwayo Dhoop Chhaon, iliyoongozwa na Nitin Bose na kutiwa muziki na Raichand Boral, na humo ukatumika utaratibu mpya: wimbo hurekodiwa kwanza studioni, kisha hupigwa kwa kipaza sauti wakati wa kupiga picha, na mwigizaji akaufuatisha kwa midomo. Tangu hapo uzuri wa uso na uzuri wa sauti vikaachana, kila kimoja kikatafutwa kwa mtu wake.

Ni tendo la ajabu ukilifikiri, na watazamaji wetu walilizoea upesi kuliko walivyolifikiri. Steringi na mpenzi wake walizunguka mti wakiimba bila ya kuhema, na ukumbi mzima ukawaamini. Mwaka 2021 tendo hilo lilijirudia kwa namna iliyopinduka, pale kijana wa Kimasai wa kijiji cha Mindu Tulieni mkoani Pwani, Kili Paul, pamoja na dadake Neema, walipojulikana dunia nzima kwa kuzifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi mbele ya simu, wamevaa shuka zao malishoni. Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunuku kijana huyo. Uso ulikuwa wa Tanzania, sauti ilikuwa ya India, na heshima ikaenda kwa uso. Miaka sitini kabla yake sauti ilikuwa ya binti wa Tanganyika na uso wa mwigizaji wa Bombay. Safari hiyo pia heshima ilikwenda kwa uso.

Waimbaji wenyewe walilijua hilo na wengine walilipigania. Picha ya Mahal ilipotoka mwaka 1949 na wimbo wake mmoja ukavuma, lebo ya santuri haikutaja jina la Lata Mangeshkar aliyeuimba. Ilitaja Kamini, jina la mhusika katika hadithi, mtu asiyekuwapo duniani. Tuzo za Filmfare zilipoanzishwa mwaka 1954, mtunzi wa muziki alikuwa na tuzo yake lakini mwimbaji hakuwa nayo. Lata akakataa kuimba katika hafla yao, na ilipofika mwaka 1959 ndipo tuzo ya mwimbaji ikatolewa kwa mara ya kwanza, naye akawa wa kwanza kuipokea. Hadi mwaka 1967 ilikuwa moja tu, wanaume na wanawake wakiigombea pamoja. Ikiwa malkia wa fani alilazimika kugoma ili jina lake litajwe, msomaji atakisia hali ya waliosimama nyuma yake.

Basi ni mtu wa namna gani aiachaye kazi ya mshahara kwa ajili ya riziki kama hiyo? Bara Hindi lina masimulizi mengi ya watu hao, na mengi yanaanzia ofisini. Kundan Lal Saigal, aliyezaliwa mwaka 1904 huko Jammu, alikuwa mtunza saa za kazi katika shirika la reli, kisha mchuuzi wa mashine za kupiga chapa za Remington, kabla ya New Theatres kumchukua na kumfanya sauti ya huzuni ya kizazi kizima. Mukesh, sauti ya Raj Kapoor katika Awaara ya mwaka 1951, picha iliyopendwa mno Unguja na Dar es Salaam, alikaa miezi michache katika idara ya serikali ya ujenzi mjini Delhi. Karibu na zama zetu alikuwako Krishnakumar Kunnath, aliyefahamika kwa herufi mbili tu, KK. Alihitimu chuo Delhi, akafanya kazi ya masoko katika biashara ya hoteli kwa muda mfupi, akaiacha. Mwaka 1994 alihamia Bombay, akaimba maelfu ya matangazo ya biashara kabla ya filamu kumkubali, na wimbo mmoja wa picha ya Hum Dil De Chuke Sanam ya mwaka 1999 ukamweka mahali pake. Alifariki Kolkata tarehe 31 Mei 2022, usiku ule ule alioshuka jukwaani, akiwa na umri wa miaka 53.

Masimulizi hayo yana ladha, lakini yana kasoro moja. Yote yamesimuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwa kuwa Saigal alikuja kuwa Saigal, mashine za Remington zimekuwa kichekesho kitamu katika wasifu wake. Lau asingefaulu, zingekuwa ni riziki aliyoipiga teke. Walioacha viti vyao wakaenda Bombay na wasipate hata wimbo mmoja ni wengi kuliko waliopata, na hao hawana mwandishi. Tena katika masimulizi hayo kiti cha ofisi huchorwa kama kifungo ambacho kila mwenye kipaji hutamani kukivunja. Kwa watu wa Afrika ya Mashariki wa katikati ya karne ya ishirini kiti hicho hakikuwa kifungo hata kidogo.

Hapo ndipo kisa cha akina Barot kinapoachana na visa vya Delhi. Jina lenyewe lina habari. Barot katika Gujarat ni ukoo wa watunza nasaba na wasifu: watu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na vitabu vya vizazi, wakisoma majina ya mababu na kuyaghani kwa mashairi mbele ya wenye hadhi. Anayewajua manju na malenga wa mwambao hatapata taabu kuielewa kazi hiyo. Ila ukoo uliovuka bahari ulijikuta mahali pasipohitaji nasaba zake. Tanganyika ya Waingereza ilimhitaji Mhindi kwa dukani na kwa hesabu, na mishahara ya serikali ilipangwa kwa ngazi tatu kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ngazi ya katikati ilikuwa nyembamba, na mwenye kuishika hakuiachia ovyo. Kwa kijana wa Kihindi wa Dar es Salaam, meza ya benki ilikuwa ni heshima ya wazazi, posa nzuri na uhakika wa mwisho wa mwezi.

Muziki haukukosekana. Sinema zilikuwa za kila wiki, kuanzia Royal ya Unguja, iliyojengwa na Hassanali Adamji Jariwalla na kufunguliwa mwaka 1921, hadi kumbi za Dar es Salaam kama Empire na Avalon. Redio Ceylon, ambayo ilizishika nyimbo za filamu kwa mikono miwili pale redio ya serikali ya India ilipozipiga marufuku mwaka 1952, ilirusha masafa mafupi yaliyovuka bahari. Mwaka 1956 Talat Mahmood, mwimbaji wa sauti ya kutetemeka, alikuja Afrika ya Mashariki kuimba, miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa filamu kusafiri nje kwa maonyesho. Hata hivyo kusikiliza ni jambo moja na kuimba kwa malipo ni lingine. Katika India yenyewe familia zenye kujiheshimu zilichelewa kuikubali kazi hiyo kwa binti zao. Pwani yetu haikuwa na macho laini zaidi. Siti binti Saad alizushiwa kila neno kabla ya watu kukubali kwamba hawakupata kusikia mfano wake.

Kamal Barot hata hivyo alikwenda, na ilipofika mwaka 1960 sauti yake ilikuwa imo katika moja ya picha zilizosifiwa mno kwa nyimbo zake, Barsat Ki Raat. Mtunzi alikuwa Roshan. Wimbo aliompa Kamal ni wa mvua, umefumwa katika raga ya Gaud Malhar, mojawapo ya raga ambazo mabingwa wa zamani walizihusisha na masika ya Bara Hindi. Si wimbo mwepesi. Sauti mbili hupishana na kupandana, kila moja ikibeba kipande na kukikabidhi kabla hakijapoa. Mwenziwe humo ni Suman Kalyanpur, mzaliwa wa Dhaka. Wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa Bombay, mmoja wa delta ya Bengal na mwingine wa Tanganyika, walikutana mbele ya kipaza sauti kuiita mvua kwa niaba ya wasichana wawili wa kwenye pazia. Mtu wa Rungwe, ambako mvua haihitaji kuitwa, angeweza kutabasamu.

Mwaka uliofuata, katika Gharana, Kamal aliimba na Asha Bhosle wimbo ambao hadi leo watoto wa India huufundishwa: wajukuu wanambembeleza bibi aliyenuna. Muziki ni wa Ravi, aliyepata tuzo ya Filmfare kwa picha hiyo. Hapa kujificha kumekuwa mara mbili. Mwanamke mzima haazimi sauti yake kwa mwanamke mwenzake tu, bali huikunja hadi ikawa sauti ya mtoto. Kisha mwaka 1963 ikaja Parasmani, picha ya kwanza kuonyeshwa ya watunzi wawili vijana, Laxmikant na Pyarelal, ambao baadaye walitia muziki katika mamia ya picha. Wimbo uliovuma zaidi katika picha hiyo ni wa sauti mbili. Ya kwanza ni Lata Mangeshkar, ya pili ni Kamal Barot.

Neno hilo, sauti ya pili, linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa taarabu yetu haina kazi iliyo sawa nalo. Taarabu ina mwimbaji na waitikiaji; waitikiaji ni kundi, na kosa la mmoja hufunikwa na wenziwe. Sauti ya pili ya filamu imesimama peke yake. Watunzi wa miaka ya 1950 na 1960 walipenda nyimbo za wanawake wawili kwa ajili ya ngoma za kushindana, za mashoga au za ndugu, na walihitaji sauti zenye rangi tofauti ili mtazamaji ajue nani anasema. Ya kwanza ilikuwa ya Lata au ya Asha, karibu bila ya kuuliza. Ya pili ilipewa mmoja wa wachache, Suman Kalyanpur, Usha Mangeshkar, Kamal Barot, na sharti lake lilikuwa gumu: apande kwa kiwango cha bingwa bila ya kumfunika, ajitofautishe bila ya kupotea, tena asikosee, kwa sababu siku hizo wimbo ulirekodiwa wote kwa mara moja pamoja na okestra nzima, na kosa moja lilirudisha kila mtu mwanzo. Anayeusikiliza wimbo wa Parasmani kwa makini atasikia jinsi Kamal anavyoingia kwa utulivu, sauti nzito kidogo kuliko ya Lata, kama mtu aliyeingia katika nyumba ya mwenyewe na kuketi bila ya kukaribishwa mara mbili. Ni ufundi wa daraja la juu. Kwa bahati mbaya ni ufundi ambao ukifanikiwa haumwachii mtendaji alama, kwa kuwa msikilizaji huondoka na wimbo na jina la yule wa kwanza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Kamal Barot methali hiyo inauma, maana haijulikani kwao ni wapi. Kwa Wahindi alikuwa binti aliyetoka ng'ambo. Kwa Watanganyika hakuwa mwimbaji wao, kwa kuwa hakuimba Kiswahili na wimbo wake ulirudi ukiwa bidhaa ya Bombay. Ukimlinganisha na Siti binti Saad tofauti hujitokeza mara moja. Siti naye alivuka. Mtoto wa Fumba, mchuuzi wa vyungu aliyeacha udongo akashika wimbo, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na santuri zile ziliporejea Unguja zilirejea na jina lake, lugha yake na mashairi ya watu wake. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bahari ni ile ile na mji ule ule, lakini mmoja alikwenda kuchukua mashine akaja nayo nyumbani, mwingine alikwenda akamezwa na mashine. Si haki kumlaumu wa pili. Alikuta sanaa ambayo imejengwa juu ya kuficha, akaifanya vizuri kama ilivyotakiwa.

Tanzania ingeweza kumdai. Imewadai wengine kwa sababu ndogo zaidi. Kisiwa cha Unguja hakichoki kuonyesha nyumba inayosemwa kuwa aliishi Freddie Mercury, ambaye hakuimba Kiswahili wala hakurudi. Ila Freddie Mercury alikuwa na uso.

Kwa upande wa Chandra mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wakati umbu lake linarekodi Bombay, yeye alikuwa benki Dar es Salaam, na nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yake. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuamua kama watajiandikisha kuwa raia. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye maasi ya jeshi Dar es Salaam, ambapo maduka ya Wahindi yaliporwa. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha na kesho yake benki za kigeni zikataifishwa, Barclays ikiwamo, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Katika miaka hiyo ya 1960 Chandra Barot aliondoka. Wasimulizi wa Bombay hupenda kusema kwamba aliiacha benki kwa ajili ya sinema, na kwa upande mmoja ni kweli. Kwa upande mwingine, benki aliyoijua ilikuwa ikiondoka pia. Mtu anayeacha kiti kinachoyumba hafanani na Mukesh aliyeacha kiti kilichotulia.

Na kiti hakikubaki kitupu. Hili husahauliwa na wanaosimulia habari za walioondoka. Nyuma ya meza za benki iliyotaifishwa waliketi vijana Waafrika waliosoma, watoto wa wilaya ambazo shule za misheni zilifika mapema, na Rungwe ni miongoni mwazo, kwa kuwa Wamoravian walianza kazi huko mwaka 1891. Kwa kijana aliyetoka katika migomba ya Kyimo, mzee wake ameuza kahawa ili amsomeshe, meza hiyo hiyo aliyoiacha Mhindi ilikuwa ni kilele cha safari ya vizazi viwili. Nani angemshauri kuiacha akaimbe? Huenda naye alikuwa na sauti. Ngazi tatu za mishahara zilikuwa zimevunjwa juzi tu, na hamu ya kushuka kwa hiari kutoka ngazi ambayo babako alikatazwa kuikanyaga haimjii mtu upesi. Kuacha kazi kwa ajili ya sanaa ni tendo la ushujaa, bila shaka, lakini ni ushujaa unaowahi kuwafikia wale ambao kazi haikuwa muujiza kwao.

Bombay, Chandra alikuwa na kitu kimoja ambacho maelfu ya wageni wa mji ule hawakuwa nacho: dada aliyekwisha kujulikana studioni. Kwa njia ya dada huyo akafika kwa Manoj Kumar, mwigizaji na mwongozaji, akaanza kama msaidizi wake katika Purab Aur Paschim ya mwaka 1970, akaendelea katika Shor ya mwaka 1972 na Roti Kapada Aur Makaan ya mwaka 1974. Katika hii ya mwisho mpiga picha alikuwa Nariman Irani, mtu mwenye deni kubwa, kwani picha aliyoigharimia mwenyewe, Zindagi Zindagi ya mwaka 1972, ilianguka. Wenziwe wakaamua kumwokoa kwa kumtengenezea nyingine: Salim na Javed wakatoa hadithi, Amitabh Bachchan, Zeenat Aman na Pran wakakubali kucheza, na uongozi ukapewa karani wa zamani wa Dar es Salaam ambaye hakuwa ameongoza picha hata moja. Irani alifariki kwa ajali kazini kabla haijakamilika. Don ilionyeshwa tarehe 12 Mei 1978.

Manoj Kumar alipoitazama kabla ya kutoka aliona nusu ya pili inamkaba mtazamaji pumzi, akashauri utiwe wimbo wa kupumzisha. Ndipo ukaingizwa ule wa mla tambuu wa Banaras, maneno ya Anjaan na muziki wa Kalyanji na Anandji, na wimbo huo ukaijaza watu kumbini. Kwa picha hiyo hiyo Amitabh Bachchan alipata tuzo ya mwigizaji bora ya Filmfare mwaka 1979. Chandra Barot hakupata tena picha mfano wake. Alipofariki Mumbai tarehe 20 Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 86, habari zote zilimtaja kwa picha moja tu, na ilimtosha. Mwaka ule wa 1979 tuzo zote mbili za waimbaji, ya mwanamume na ya mwanamke, zilitoka katika Don: Kishore Kumar kwa wimbo wa tambuu, na Asha Bhosle kwa wimbo wake wa densi. Nyimbo za picha hiyo ni tano, na waimbaji wake ni hao wawili pamoja na Lata Mangeshkar. Kamal Barot hamo.